Nyumba ya Macho ya Makopo

Habari kwamba Papa Bauma amefariki ilinikuta kwenye studio yangu ya Himbi, hapa Goma, mbele ya skrini mbili nilizonunua mwenyewe, bila mume wala shirika kunishika mkono. Niliwaambia vijana ninaowafundisha kazi wazime mashine. Nikafunga kikwembe changu cha kitenge, nikapanda pikipiki hadi Mabanga. Viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa mpaka barabarani, turubai imefungwa juu ya ua, wanaume wamekaa upande wa ukuta wakizungumza kwa sauti ya chini. Mjane wake alikuwa ndani, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akimpa mkono kila aliyeinama mbele yake. Aliponiona akawaambia wanawake waliomzunguka, "Huyu njo Kavira. Alikwenda Bulaya akasoma mambo ya televizyo, akarudi na diploma. Muzee alikuwa anamutaja kila siku." Sikukana. Nilikwenda, nikafagia ofisi za watu mchana ili nisome jioni, nikapata diploma ya kuhariri picha, nikakata vipindi vya televisheni kwa miaka mingi kule Ubelgiji, na nikarudi. Katika mtaa ule wengi waliokwenda hurudisha picha zao tu. Mimi nilirudi mzima, na kazi mkononi. Lakini nilipokaa kwenye kile kiti cha plastiki nilijua kwamba kitu kikubwa kuliko vyote nilivyoona katika kazi hii sikukiona Ulaya. Nilikiona hapa hapa Mabanga, mwaka wa mwisho kabla ya kuondoka, na hapakuwa na kamera hata moja. Palikuwa na makopo ya maziwa.

Papa Bauma alikuwa fundi wa televisheni. Chumba chake cha mbele kilijaa televisheni zilizokufa, zimepandana hadi darini, zote zimekugeukia kama watu kanisani, na katikati yao moja tu ilikuwa hai. Palinuka risasi ya kuchomea nyaya, na pia sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwa sababu mkewe alizikaanga mlangoni na kila aliyekuja kutazama alinunua sahani yake na bugali. Mwaka ule, jioni zote, ile televisheni moja ilionyesha kipindi cha nyumba. Vijana wazuri wa nchi mbalimbali za Afrika walifungiwa ndani ya nyumba yenye bwawa la kuogelea, kamera zikawatazama wakila, wakilala, wakigombana, na kila wiki mmoja alitolewa kwa kura za watazamaji. Walizungumza Kiingereza, nasi hatukukijua. Mimi nilikuwa nimeshapata diploma yangu ya sekondari, tena kwa alama zilizosomwa kwa sauti mbele ya shule nzima, lakini kwa Kifaransa. Kwa hiyo Papa Bauma alitutafsiria kwa kubuni. Yule dada mrefu akifungua mdomo, yeye alisema, "Anauliza nani amekula mayai yake." Nasi tuliamini, maana nyuso zao kweli zilikuwa nyuso za watu wanaotafuta mayai.

Aliyekaa mbele kila jioni ni Mama Régine, muuza maharagi, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha misa. Nakumbuka alivyomhoji Papa Bauma siku ya kwanza, kijiko cha bugali kimesimama hewani.

"Aba batu banafanya kazi gani?"

"Habafanyi kazi, mama. Banaishi tu."

"Banaishi, na banalipwa?"

"Mumoja njo atalipwa. Bale wengine banafukuzwa, mumoja mumoja."

"Nani anabafukuza?"

"Ni sisi, mama. Wenye kutazama."

Mama Régine aliweka kijiko chini. "Miye sijafukuza mutu," akasema, na hakula tena mpaka kipindi kilipokwisha.

Nadhani ni jioni ile Papa Bauma alipoanza kuandika mchezo wake. Hakuwa mtu wa vitabu. Aliandika kwa bisibisi, kama nilivyozoea kumwambia: alifungua kitu, akatazama kinavyofanya kazi ndani, akakirudisha upande usiotarajiwa. Alituita watatu kwa nafasi kubwa, na wakazi wengine akawaazima kutoka kwaya ya parokia. Trésor, kijana aliyebeba saruji na kujipaka mafuta mikononi ili misuli ionekane. Furaha, msichana wa Masisi aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mpole, mwenye kicheko kilichomtoka ghafla kama kikohozi. Na mimi, kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa safi kuliko cha mtu yeyote mtaani. Mimi nilikuwa Sauti, ile ambayo haionekani na huamuru kila kitu. Parokia ilitupa ukumbi kwa mazoezi, na Jumapili moja baada ya misa kwa mchezo wenyewe. Tulitoboa makopo ya maziwa ya unga, tukayatundika juu ya vijiti kuzunguka jukwaa, na hayo ndiyo yalikuwa macho ya nyumba. Kwenye kona ya ukumbi palikuwa na kitubio cha zamani cha mbao, kile kijumba cha kuungamia dhambi, kilichowekwa pale baada ya kanisa kupata kipya. Papa Bauma alikizunguka kwa furaha ya mtoto. Katika kile kipindi cha televisheni palikuwa na chumba kidogo ambamo mkazi huingia peke yake, akaeleza siri zake kwa kamera. "Munaona?" alituambia, akifungua kile kimlango. "Bamechukua kitubio, bakamutoa padri ndani. Njo maana habapate kusamehewa."

Huko Ulaya nimeona filamu na kusoma riwaya zinazovicheka vipindi vya namna hii, nyingi tu, na nimezitazama kwa jicho la mtu wa kazi. Karibu zote zinakwenda njia moja. Nyumba inageuka jela, mtangazaji anageuka shetani, watazamaji wanageuka wanyama, na mwisho ni damu. Waandishi wao wanaiogopa kamera. Papa Bauma, aliyezifungua televisheni na kuzipangusa vumbi tangu ujana, hakuiogopa hata kidogo. Alijua hatari iko kwingine. Katika mchezo wake palikuwa na sehemu ambayo mpaka leo sijaisahau. Kwanza waigizaji walicheza siku nzima ya nyumba kama ilivyokuwa. Asubuhi Trésor anapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa, anakaa kwenye benchi na kulia. Mchana Furaha anamenya viazi, kuku anaruka juu ya meza, naye anacheka mpaka anaanguka. Kisha mimi, nyuma ya pazia, nikiwa na faneli ya mafuta mdomoni, nasema: "Sasa muone kile nchi nzima imeonyeshwa." Wanarudia. Trésor analia kwa ajili ya mama yake. Furaha anageuka na kucheka. Basi. Siku ya mazoezi mama mmoja aliyekuwa akifagia ukumbi alisimama na fagio lake.

"Na kuku iko wapi?"

"Kuku bamemuacha inje, mama," Papa Bauma alijibu.

Yule mama alitazama jukwaa kwa muda. "Basi ule mutoto ataitwa mubaya," akasema taratibu. "Na hakufanya kitu."

Miaka baadaye, darasani Ubelgiji, mwalimu alitumia wiki nzima kutufundisha jambo hilo: kilio cha Jumatatu ukikibandika karibu na kicheko cha Ijumaa unapata mtu katili ambaye hajawahi kuishi. Nilinyoosha mkono, nikawasimulia habari za kuku wa Mabanga. Mwalimu aliuliza nilisomea wapi kabla ya pale. Nikamwambia: kwenye ukumbi wa parokia. Nilipata alama za juu kuliko wote mwaka ule, na sikushangaa.

Sasa habari za Furaha, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na hadithi hii ya kuandika. Mama yake na wadogo zake walikuwa Kanyaruchinya, kwenye kambi ya waliokimbia vita, ndani ya hema ambalo mtu mmoja akigeuka wote wanageuka. Mama mudogo wake, yaani mdogo wa mama yake, aliolewa mtaa wa Mapendo, naye alimchukua ili amalizie shule mjini na kufanya mtihani wa taifa. Nyumba ile ya mbao ilikuwa na vyumba viwili na tayari ilikuwa na watoto wa kaka za mume. Nilikuwa nikimpitia Furaha twende mazoezini, na siku moja, wiki ya mwisho, nikiwa nimesimama kwenye mawe meusi ya ua wao, nikasikia maneno kupitia mbao.

"Miye sina ubaya naye," sauti ya mume ilisema. "Lakini tuko kumi humu. Kule kwa mama yake kuko hema, chakula banagawa. Hapa anakula ya batoto."

"Egzamen imebakia kidogo tu, papa."

"Kila siku ni kidogo. Jumapili akimaliza mchezo wake, aende. Afunge bintu yake mapema. Sitaki makelele."

Furaha akatoka, akanikuta nimesimama pale. Alijua nimesikia. Tulitembea mpaka kwenye njia kubwa, ndipo akaniambia, akiniita dada kama kawaida yake, "Yaya Kavira, usimuambie Papa Bauma. Atanionea huruma, mchezo utaharibika." Akaniambia pia alivyopanga. Katika mchezo kila mkazi alihitaji begi la kutokea nalo, kwa hiyo yeye angekuja na begi lake la kweli, na mchezo ukiisha angepitia mlango wa nyuma na kwenda moja kwa moja Kanyaruchinya. Hakutaka kurudi Mapendo kuaga. "Nikiaga nitalia," alisema, "na mama mudogo atalia, na papa mudogo atakasirika." Kutoka kambini, shule ilikuwa mbali mno kwenda na kurudi kila siku. Sote wawili tulijua maana yake: mtihani ungemwacha. Nami nililala kwa watu wakati ule, kwenye nusu ya godoro. Sikuwa na mlango wa kumfungulia mtu.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wanawake walikuwa bado na vikwembe vya misa, vichwani wamefunga vilemba vya rangi moja na nguo. Mama Régine alikaa mbele, na karibu naye mama mudogo wa Furaha, mikono mapajani, macho mekundu. Watu walicheka sana. Walicheka Trésor alipobusu misuli yake mbele ya makopo. Walicheka katikati ya kilio chake, alipopita mtu wa tangazo na sabuni kwenye sinia, akampangusa machozi kwa sabuni hiyo. Walicheka wakazi wote walipolia kwa sababu maji yametoka bombani. Lakini ilipofika sehemu ya kuku hawakucheka tena. Waliona siku ilivyokuwa, kisha wakaona ilivyoonyeshwa, na nikasikia kutoka nyuma ya pazia ule mguno wa watu wengi wanaotambua jambo kwa pamoja. Baada ya hapo katika mchezo hakuna mkazi anayezungumza na Furaha. Anakaa pembeni na viazi vyake. Hapigwi, hatukanwi. Wanampita tu.

Ndipo nikatangaza kura. Papa Bauma alikuwa amelipanga hili kwa hila: watazamaji wenyewe wangeamua nani atoke, na yeye alikuwa na hakika watamtoa Trésor kwa kiburi chake. Trésor alikuwa amejifunza hotuba ndefu ya kuaga, yenye kupiga magoti. Nikasema kwenye faneli, "Nyumba inauliza. Nani atoke?" Mama Régine akasimama.

"Atoke Furaha."

Papa Bauma, aliyekuwa kando yangu, alinishika bega. Ukumbi mzima ulikuwa ukiitikia: ndiyo, Furaha, Furaha atoke.

"Kwa nini?" Trésor aliuliza, na swali hilo halikuwa kwenye mchezo. "Si mumeona hakufanya kitu?"

"Njo sababu," Mama Régine akamjibu. "Mutoto mwema atakaa mu nyumba kama ile kufanya nini? Hali chakula, hasemeshwi. Mumufungulie mulango arudi kwabo apumuzike. Weye Trésor kaa humo, unaifaa."

Nimefanya kazi kwenye vipindi vilivyotazamwa na nchi nzima, nimeona kura zikiingia usiku kucha, na sijawahi tena kuona watu wakimtoa mtu kwa sababu wanampenda. Furaha alisimama. Alitazama upande wa pazia, kunitafuta. Hakuna aliyekuwa amemwandikia neno la kusema. Akachukua begi lake, ambalo Jumapili ile mimi peke yangu nilijua limejaa nguo na vitabu vyake vyote, akashuka jukwaani na kuelekea mlango.

Sasa, huko kwenye vyumba vya kuhariri tuna kanuni ambayo haijaandikwa popote: mtu akitolewa, tunakata mlangoni. Nyuma ya mlango hakuna kipindi. Lakini Papa Bauma alikuwa ameandika kwa ajili ya watu wa Goma, akasahau, yeye mwenyewe mtu wa Goma, jambo ambalo kila mtoto wa mtaa analijua. Mtu akitoka nyumbani kwako na mzigo humwachi aende peke yake. Unamsindikiza. Mama Régine alikunja kikwembe chake, akatoka kwenye benchi na kumfuata. Wenzake wakasimama. Kisha benchi la pili, la tatu.

"Mama, ni mchezo tu," Furaha alisema mlangoni, kwa aibu. "Kaeni. Mchezo unaendelea."

"Nimejua ni mchezo. Nina macho," Mama Régine akamwambia. "Lakini mutu anatoka na begi yake, na miye nikae? Leta hii begi." Akalichukua, akalipima mkononi, akashangaa. "Mbona ni nzito hivi? Mulitia mawe?"

Furaha aligeuka, akatazama njia.

"Kwenu ni wapi, mutoto? Tukufikishe."

Nilikuwa nimetoka nyuma ya pazia na faneli yangu. Niliona uso wake. Angesema Kanyaruchinya, wangemsindikiza hadi kwenye pikipiki, wakamwombea safari njema, na ingekuwa imekwisha. Alifungua mdomo. Lakini aliyesema ni mama mudogo wake, akipita katikati ya watu, sauti yake ndogo lakini kila mtu alisikia. "Ni Mapendo. Ni kwangu." Akalichukua begi kutoka kwa Mama Régine, akaliweka kichwani, akatangulia.

Ukumbi ulibaki mtupu, hata wale wakazi wa kwaya walikuwa wamefuata. Jukwaani Trésor alikuwa bado ameweka mikono kiunoni.

"Papa Bauma, njo kusema nimeshinda?"

"Umeshinda."

"Na nani ameona?"

Papa Bauma alitazama vijiti vilivyozunguka jukwaa. "Makopo," akasema. Kisha akavaa kofia yake na sote watatu tukakimbia kuwafuata.

Sijui nielezeje mwendo ule. Watu walijaa njia kutoka ukingo hadi ukingo, vikwembe vya misa juu ya vumbi jeusi la volkano, na wanaoishi kando ya njia walitoka milangoni kuuliza nani anasindikizwa, ni bibi arusi? Wakijibiwa kwamba ni mtoto aliyetoka kwenye nyumba mbaya, walifuata nao. Wenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, waliegesha. Wanawake walianza wimbo wa kusindikiza, ule wa taratibu, usio wa arusi wala wa msiba. Katikati yao Furaha alitembea ameinamisha kichwa, na kila mara mama mmoja alimshika mkono, akaenda naye hatua kidogo, akampisha mwingine. Papa Bauma alitembea kando yangu akipumua kwa shida. "Kavira," aliniambia, "hii sikuandika." Alisema tena baada ya muda, kama anayesali. "Hii sikuandika miye."

Mapendo, kwenye nyumba ya mbao, mume wa mama mudogo alikuwa amekaa kizingitini akiwa na singleti, redio sikioni, akisikiliza mpira. Aliinua macho, akaona mke wake na begi kichwani, nyuma yake nusu ya mtaa. Akaizima redio. Mama Régine alisogea mbele, akapiga magoti kidogo kama inavyotakiwa unapozungumza na mwenye nyumba.

"Papa, hodi. Tumekuletea mutoto. Ulituazima tangu asubuhi, ametufurahisha sana, na sasa tumemurudisha kwabo, hana hata mukwaruzo. Umupokee."

Yule baba alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyehesabu sahani. Alimtazama Furaha. Alitazama begi aliloagiza lifungwe. Alitazama watu, ambao hakuna hata mmoja aliyejua kitu, wote wakimngoja kwa heshima aseme lile neno ambalo mwenye nyumba husema anapoletewa mtu wake. Kisha akavuta singleti yake chini.

"Asanteni," akasema. "Asanteni kunirudishia mutoto wangu. Karibuni, mukae."

Viti havikutosha, tukakaa kwenye mawe. Majirani walileta sukari, mwingine majani ya chai, mwingine sufuria kubwa. Papa Bauma alivua kofia, akaketi karibu na yule baba na kumuuliza habari za mpira kwa adabu sana. Mama mudogo aliingiza begi ndani, na niliona kupitia mlango kwamba hakuliweka karibu na kizingiti, alilipeleka hadi chumba cha nyuma. Baada ya muda Furaha akatoka na sinia la vikombe. Alikuwa ameshavua nguo ya mchezo na kufunga kikwembe cha nyumbani. Alipita kwa kila mtu akiinama na kuuliza nani anatumia sukari, kwa sauti ya mtu mwenye jiko lake. Wa mwisho kupewa kikombe alikuwa papa mudogo wake. Alikipokea kwa mikono miwili. Hakunywa mara moja.

"Kesho masomo yanaanza saa ngapi?" akamuuliza.

"Saa moja na nusu, papa."

"Basi usichelewe kulala."